Profesa Ciza na Watoto Wasio Wake

Gervasi Ciza alifika Kigoma kutoka Burundi Oktoba 1993 kwa boti ya injini, amekaa juu ya godoro. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote iliyofuata aliimba kwamba alifika kwa miguu. Waliofika kwa miguu walikuwapo. Niliwaona wakishushwa kwenye malori, nyayo zimepasuka, wala hawakuimba. Ciza alishuka kwenye mwalo wa Kibirizi na masanduku mawili na suruali yenye mkunjo wa pasi, akaruka dagaa zilizoanikwa ili asichafue viatu, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama mji huu una piano.

Ilikuwapo moja. Mzee Abdulatif, mwenye duka la unga pale Mwanga, aliinunua kutoka kilabu cha zamani cha mabwana wa reli, akaiweka ukumbini kwake na kuitumia kama kabati. Panya walikuwa wamezalia ndani. Mimi ni fundi redio, mzaliwa wa Ujiji, jina langu Mwinshehe, na kibanda changu kilikuwa mita chache kutoka ukumbi ule. Nikaitwa. Nyuzi zilizokatika nikaziunga kwa waya wa breki za baiskeli, na zile nyundo ndogo za ndani nikazivisha vipande vya blanketi. Vibao sita vya kubonyeza havikulia tena hata nilipovibembeleza.

Ciza akakaa, akapiga. Hapa lazima niseme kweli: alijua. Vidole vyake vilikuwa na akili kuliko yeye, vikaviruka vile vibao vibovu bila mtu kugundua. Kama angeishia kupiga na mdomo ameufunga, leo nisingekuwa na neno baya juu yake.

Hakuufunga. Ndani ya miezi miwili alijiita Profesa Ciza, na kila Jumapili saa kumi alasiri alikuwa na onyesho. Hasna, mshonaji wa sokoni, alimshonea joho jeupe lenye bitana nyeusi. Alikuwa akiingia akikokota mguu, mguu ambao asubuhi hiyo hiyo niliuona ukipanda ngazi mbili mbili. Kabla ya kuingia alijipaka mafuta ya kuchua chini ya macho, yale makali ya kijani ya kikopo, ili machozi yatoke kwa wakati. Ubeti wa tatu ulipofika alianguka kifudifudi juu ya piano. Jumapili ya kwanza watu walisimama kwa hofu. Jumapili ya nne Mzee Abdulatif alikuwa ameshaweka mto mahali pa kuangukia.

Nyimbo alitunga mwenyewe, na zote zilimhusu yeye. Yeye na kiu, yeye na msitu, yeye na nyumba iliyoungua. Nyumba yake Bujumbura haikuungua, aliipangisha. Mimi nilishika mitambo ya sauti, na siku za kawaida nikazalisha kaseti zake kibandani. Sijitoi. Ziliuzika kama maandazi, na sikuuliza.

Mwaka 1995 shirika moja la misaada lilimpeleka kwenye kambi moja huko Kasulu awaburudishe wakimbizi wenzake. Alikaa siku moja. Baada ya onyesho wanawake walimzunguka wakamweleza yaliyowapata, maana mtu anayelia mbele za watu hudhaniwa ana masikio. Mmoja wao aliitwa Veneranda. Alikuwa mkulima wa Makamba, na watoto wake wawili, Lyse na Bonifasi, walichukuliwa na Mto Malagarasi usiku wa kuvuka. Ciza alimshika mkono, akamsikiliza nusu saa.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na wimbo mpya. Uliitwa “Mto, Nirudishie.” Katika wimbo ule Ciza ndiye baba. Anasimama ukingoni na watoto wake, Lyse na Bonifasi, anawavua viatu, anavitupa majini na kuubembeleza mto: chukua viatu, niachie miguu. Ukumbi mzima ulilia. Nililia hata mimi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Jioni ile nilimuuliza, “Kumbe ulikuwa na watoto?”

“Msanii ana watoto wengi,” akanijibu, huku akijifuta yale mafuta kwa kitambaa.

Kaseti hiyo ilisambaa kuliko zote. Ilipigwa sokoni Mwanga, ilipigwa Buzebazeba kwa vinyozi, ikapanda malori mpaka Kasulu.

Ndipo siku moja mama mmoja mwembamba akasimama mbele ya kibanda changu. Mkononi alikuwa na kibali cha kutoka kambini kuja kutibiwa jino, na shavu limemvimba.

“Amahoro, fundi,” akanisalimu. “Ile redio ya pale kwenye duka la nguo. Anayeimba ni nani?”

“Profesa Ciza, mama. Ni mtu wa kwenu.”

“Anawataja wanangu.”

Nilidhani jino limempandisha homa. Nikampa kigoda akae. Alikaa, akanieleza kwa Kiswahili cha taratibu chenye Kirundi ndani yake, bila chozi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Aliwavua watoto viatu ili wasiteleze kwenye mawe. Akavishika yeye. Walipofika katikati maji yakawachota kutoka mkono mwingine, na yeye alipotoka ng'ambo alikuwa bado ameshika viatu.

“Mto sikuuomba kitu,” alisema. “Nani anaomba mto?”

Nilimwambia kwamba Ciza atakuwapo ukumbini Jumapili, yaani kesho yake. Akasema kibali chake kinaisha Jumatatu, kwa hiyo atafika.

Alifika mapema, akakaa benchi la tatu na khanga kichwani. Ciza alikokota mguu wake, akapiga nyimbo mbili, kisha ule. Alipotaja jina la Lyse, Veneranda akasimama.

“Oya,” akasema. Maana yake hapana. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulimsikia. “Hao ni wangu. Na viatu havikutupwa. Vilibaki mkononi.”

Ciza akaacha kupiga. Nilikuwa pembeni kwenye mitambo, nikauona uso wake vizuri. Nilitegemea aibu. Kwa muda mfupi kabisa nadhani ilipita, kama mtu anayechungulia dirishani. Kisha nikamwona anahesabu watu. Akainuka, joho likaburuzika, akashuka mpaka kwenye benchi la tatu, akapiga magoti mbele ya yule mama na kumshika mikono.

“Ndugu zangu,” akawaambia watu, sauti ikitetemeka palepale alipotaka itetemeke, “huyu ndiye mama wa wanangu. Mungu amenirudishia.”

Watu wakapiga makofi. Wengine wakapanda juu ya mabenchi ili waone vizuri. Veneranda akavuta mikono yake, akamtazama usoni, akamwambia kwa Kirundi, “Sindakuzi.” Sikujui. Makofi yakazidi, maana walidhani na hilo ni sehemu ya mchezo. Alipita katikati yao akielekea mlangoni, wakimgusa mabega kama bibi harusi.

Nilimkuta nje akijifunga khanga upya.

“Fundi,” akasema, “mimi sitaki anilipe wala aniombe msamaha. Atoe majina tu. Wimbo abaki nao.”

Nikarudi ndani nikamfikishia. Ciza alikuwa akinywa soda nyuma ya pazia, ametoka jasho, ana furaha ya mtu aliyeshinda mechi.

“Nitoe majina?” akasema. “Mwinshehe, majina ndiyo yanayoliza watu. Bonifasi ningeweza kumbadilisha. Lakini Lyse linaimbika.”

“Mama yao yuko hapo nje.”

“Namheshimu. Angerudi Jumapili ijayo ningemlipia nauli.”

Hakurudi. Jumapili iliyofuata, wimbo ulipofika kwenye jina lile, mwanamke mwingine akasimama benchi la tatu na kusema “Oya.” Alikuwa Agnesi, mhudumu wa baa ya jirani, Muha wa Manyovu, upande huu wa mpaka, asiyewahi kuzaa. Alikuwa amefundishwa siku mbili. Alisema maneno yale yale ya Veneranda, halafu akavuta mikono, ila yeye alizimia pia, kwa sababu Ciza aliona kuzimia kunapendeza.

Warundi waliokuwa ukumbini walikuwa wameshasikia habari ya Veneranda, maana kambini na mjini habari hazihitaji kaseti. Waliinuka bila kelele. Mzee mmoja, Barutwanayo, aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila wiki, alichukua kofia yake kwanza, akafuatwa na mkewe, kisha benchi zima, kisha la nyuma yake. Ciza hakufungua macho. Alidhani ukimya ule ni huzuni.

Nilizima mitambo. Ningependa kusema niliizima palepale Agnesi aliposimama, lakini nilisubiri mpaka nusu ya ukumbi imetoka. Jumatatu nilifuta kaseti zote zilizobaki kibandani kwa kurekodi juu yake ngurumo tupu ya redio. Zilikuwa arobaini hivi. Zilizokwisha kuuzwa sikuweza kuzifuata.

Ciza hakukosa cha kufanya. Watu wa mjini waliendelea kuja kwa miezi kadhaa, kisha wakazoea, na huzuni iliyozoeleka haijazi mabenchi. Mwishoni mwa 1996, boti zilipoanza kuleta wakimbizi wa Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa, Ciza akawa Mkongo. Alitunga wimbo kuhusu Uvira, mji ambao najua aliupita mara moja akinunua vitenge, akaweka Kilingala kibovu ndani yake na kubadilisha bitana ya joho. Wakongo wanaujua muziki kuliko yeye. Walimsikiliza Jumapili moja, wakacheka mahali alipolia, na mambo yake yakaishia hapo. Mzee Abdulatif akahitaji nafasi ya magunia. Piano ikatolewa uani, mvua za Machi zikaimaliza.

Ciza akanunua kinanda cha umeme, kile chenye ngoma zinazojipiga zenyewe, akawa mtu wa harusi. Ndiyo kazi yake mpaka leo. Huvaa suti ya fedha, na wazazi wa bibi harusi wanapopewa zawadi yeye hulia.

Niliwahi kuuliza habari za Veneranda kwa watu waliorudi Makamba. Ngendakumana, aliyekuwa jirani yake kambini, aliniambia alipewa shamba kando ya barabara, ana mihogo na mbuzi, na anapofika sokoni penye redio hukaa upande wa pili.

Mwaka jana Ciza aliniletea kinanda chake, kibao kimoja kimekwama. Amenenepa. Nilimweleza habari hizo, ili nione kitakachotokea usoni mwake.

“Veneranda yupi?” akauliza.

“Mama yake Lyse.”

Akafikiri kidogo, kisha uso ukang'aa. “Aa, Lyse. Ule wimbo ulikuwa mzuri sana. Huna kaseti yake hata moja?”

Nikamwambia sina, na kinanda sikukipokea. Akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.