Dume la Matanga na Ushuru wa Lango la Soko

Mwanangu Kemunto, iko siku moja ya ujana wangu ambayo huwa naisukuma mbali, lakini tangu uondoke hapa Jumapili na vijana wako wa kampeni imekataa kuondoka. Mlitaka niuze shamba la chai la kule bondeni, mpate pesa za kuzunguka nazo kwenye matanga na harambee. Yule kijana wa kofia nyekundu akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Mzee, siku hizi bila kutoa hakuna kura. Watu wanataka kuona kitu." Ala! Na bango mlilobandika langoni kwangu limeandikwa "Ushuru chini, matumizi chini." Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele yao. Leo umekuja peke yako. Keti, kunywa uji, unisikilize. Nazungumza polepole siku hizi, utanivumilia.

Hukumkuta mjomba wangu Ondieki, kaka yake nyanya yako. Alikuwa na duka dogo la sukari na mafuta ya taa hapa Nyaramba, na koti moja alilovaa dukani na kanisani. Watu walimwita mkono wa birika. Hakukasirika, alicheka tu. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na nyanya yako alikuwa anauza ndizi sokoni. Alibeba mkungu kichwani kutoka hapa nyumbani, na akifika langoni mwa soko askari wa kanju, yaani wa baraza la madiwani, walimdai ushuru kabla hajauza hata chane moja. Kama hakuwa na kitu, walimkatia chane nzuri kabisa wakaondoka nayo, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Mjomba alipoamua kugombea udiwani, hotuba yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka watoto wakaijua. Alisema kanju inakula kuliko inavyofanya kazi. Madiwani wanaitisha vikao visivyo na maana ili walipwe marupurupu, wana gari la kuwapeleka wake zao kwa wakwe, na soko halina hata choo. "Tujenge choo, tuzoe takataka, hayo mengine tuyaache," alisema. "Ushuru utashuka, na mama atauza kwanza ndipo alipe." Nyanya yako alimwamini. Alimpigia debe sokoni mpaka sauti ikamkauka.

Halafu baba yangu akafariki.

Hatukuwa na kitu, mwanangu, hata mbao za jeneza hatukuwa nazo. Diwani aliyekuwa akitetea kiti chake akasikia, akaja na hema, jeneza linalong'aa, na ng'ombe dume wa kuwalisha waombolezaji. Watu walipiga vigelegele matangani, hebu fikiria! Mjomba yeye alileta gunia la mahindi na jembe, akaingia kaburini kuchimba na wengine tangu asubuhi. Alipopewa kipaza sauti alisema pole, akasema hana zaidi ya hapo, na kwamba hataki kuleta kitu ambacho itabidi akichukue tena sokoni. Umati ukaguna. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kama dada yake mwenyewe hawezi kumzikia mume, sisi atatufanyia nini?"

Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nikamfuata mjomba kwenye migomba, nikamwambia, "Si ungeuza hata ng'ombe wako mmoja, utoe kitu mbele ya watu?"

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Nikinunua watu leo, kesho nitataka kurudishiwa. Na atakayenirudishia ni nani, kama si mama yako? Usiniambie jambo hilo tena."

Basi siku ya kuchagua ikafika. Enzi hizo tulichagua kwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna pazia. Unasimama nyuma ya mtu wako, kijiji chote kikikuona. Mjomba alisimama mbele ya mstari wake pale uwanja wa shule, na koti lake lile. Mama akafika akiwa bado katika nguo za msiba. Wazee waliokula nyama nyumbani kwetu walikuwa tayari wamejipanga nyuma ya diwani, wakamwita kwa jina. Mama alisimama katikati. Alimtazama kaka yake, akawatazama wale wazee. Kisha akainamisha kichwa, akaenda kujipanga nyuma ya diwani. Mjomba alimwona. Sote tulimwona. Mimi sikuwa nimefikisha umri wa kura, nilikuwa kando ya ua, na nililia. Sioni haya kukuambia.

Diwani alishinda kwa mbali.

Nilimnunia mama. Nilikula chakula chake bila kumsemesha, mjinga mimi. Mjomba ndiye aliyekuja nyumbani akanikuta hivyo, akanikemea. "Mwache mama yako," alisema. "Alikuwa na maiti ndani ya nyumba, na yule mtu alikuja na jeneza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kisha akaketi, akala ugali wa wimbi aliopikiwa na dada yake, wakaongea habari za mvua. Jambo lile hawakulitaja tena mpaka Mungu alipowachukua.

Lakini ushuru ulipanda. Haukupita muda ukapanda tena. Kuku wakaanza kulipiwa, hata mafungu ya mboga. Diwani alikuwa ametumia mali nyingi kutafuta kiti, wenzake vilevile, na wote walitaka irudi. Choo hakikujengwa. Mama akashindwa na lango, akahamia kando ya barabara, kwenye ule mteremko, pamoja na wanawake wenzake. Asubuhi moja ya mvua askari wa kanju wakaja na lori. Wanawake wakatimua mbio. Mama alikimbia na mkungu wake kichwani kwa sababu hakuwa na mwingine, akateleza kwenye matope, akavunjika nyonga. Ndizi zikatupwa ndani ya lori. Hakutembea vizuri tena, na mimi nikaacha shule nikaanza kuchuma chai ili tule. Nilitaka kuwa mwalimu, sijui kama nilikuambia.

Miaka mingi baadaye alikuwa ameketi nje akimenya viazi, akaniambia tu, "Yule ng'ombe nilimlipa mimi." Niliingia ndani, sikuweza kumtazama.

Kemunto, maneno yako ni yale yale ya mjomba, na ni ya kweli. Kaunti, ambayo ndiyo kanju ya siku hizi, inatumia ovyo. Wenye maduka Kisii mjini wanalia na leseni, na akina mama hapa bado wanatozwa kabla ya kuuza. Yaseme. Lakini ukishanunua watu utaingia ofisini una pengo mfukoni, na utalijaza kwa jasho la wale wa langoni. Utajiambia ni mara hii moja tu. Hata yule diwani nilimjua, hakuwa mtu mbaya. Naamini siku ile ya jeneza alituhurumia kweli.

Kwa hiyo shamba siuzi. Nenda matangani ukachote maji, ukapike, na ukipewa kipaza sauti toa pole ukae chini. Sokoni ndiko ukaeleze utakata nini na utaacha nini. Safari na vikao vya bure, kata. Pesa za choo na za kuzoa takataka, usiguse. Watakuita mchoyo. Na sitakudanganya, mwanangu, naona utashindwa. Itauma, maana watakaokuacha ni watu wa hapa hapa, watu uliokula nao. Pengine hata shangazi yako. Ukijua, usimnunie, huwezi kujua ni msiba gani uliompeleka huko.

Nimekuombea Sabato hii na nitaendelea kukuombea. Ukishindwa, Mungu akurudishe nyumbani bila uchungu moyoni. Mimi baba yako nitakuwa hapa. Na kama atakupa kiti hicho, basi akufanye mtu ambaye mama yangu angempita pale langoni bila kukimbia.