Tumbo la Kisasa la Mama Jacqueline

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni Josepha alikula alichopata: muhogo, dona, maharage, mchicha wa bonde la Msimbazi. Tumbo lake lilikuwa kimya kabisa, wala hakukumbuka kwamba analo. Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Makontena yakamiminika bandarini, na Josepha, Mchaga aliyekuwa akipanga mafungu ya ndizi sokoni Kariakoo, akafungua duka la jumla Mtaa wa Sikukuu: biskuti za Dubai, jemu, soseji za kopo.

Sasa mwenye duka kama hilo ataonekanaje akitafuna mchicha? Nyumbani kwake Ilala maharage yalifukuzwa kama mpangaji mkorofi. Asubuhi mkate mweupe na siagi ya kopo, mchana soseji, jioni soseji zilizobaki. Soda ikachukua nafasi ya maji. Na kila baada ya mlo alimeza kidonge cha rangi mbili, kama wengine wanavyochokoa meno.

"Kwani unaumwa nini?" dada yake Benedikta aliuliza.

"Siumwi. Naua wadudu kabla hawajaanza."

Wadudu wakafa kweli. Tumbo likajaa gesi, likanguruma kama lori bovu, likawa linamkimbiza Josepha chooni huku mteja bado anachagua. Mwisho akaenda kwa daktari. Daktari akauliza anakula nini, akaelezwa, akaguna.

"Mama, wengi kati ya hao unaowaua ni wako. Tumboni mna bakteria wanaotusaidia kumeng'enya chakula na kuwabana wale wabaya. Wanaishi kwa maharage, mboga, dona, matunda. Wewe umewanyima chakula, halafu ukawamwagia sumu. Acha vidonge, rudia chakula chako, na maziwa mgando kidogo; uchachu wake ni kazi ya bakteria wazuri kama hao."

"Yaani nimeacha kufuga kuku, leo nifuge bakteria?"

"Unawafuga tangu utotoni, mama. Ila sasa unawaua kwa njaa."

Josepha akatoka amenuna. Tangu siku hiyo kitu chochote chenye uchachu kikapigwa marufuku nyumbani kwake.

Jumamosi wakaja wageni, Wachaga wenzake, kumposa Jacqueline, binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na nane na subira iliyokwisha. Walileta pipa la mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Kwa Wachaga hao hakuna maelezo mengi: mama wa binti akinywa, mazungumzo yameanza, akikataa, wageni wabebe pipa lao. Mzee Aaron, baba mkubwa wa kijana, akachota kwa kata, akaonja, akampa Josepha kwa mikono miwili.

Povu likamkodolea macho. Josepha aliwaona wadudu humo ndani wakiogelea.

"Mzee wangu, nipeni soda. Daktari amenikataza."

Mzee Aaron akaishusha kata polepole.

"Basi tumeelewa, mama. Hamkutupenda."

Kutoka nyuma ya pazia Jacqueline akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama! Hawa wakiondoka, naondoka nao leo leo, bila mahari!"

Benedikta akamfinya dada yake paja. "Kunywa, wewe! Choo kiko wazi, na mlango nitakulindia mimi."

Josepha akafumba macho, akagugumia. Akangoja kufa. Hakufa. Tumbo likanguruma vilevile kama jana na juzi, safari hii mbele ya ukoo mzima.

"Hata tumbo limeitika!" akasema Mzee Aaron, na watu wakacheka hadi viti vikalia.

Zikaletwa soseji. Wazee wakazigeuzageuza. "Mama, huyu mnyama aliugua nini?" mmoja akauliza kwa adabu zote. Ikabidi Benedikta alete sufuria yake mwenyewe kutoka uani, ndizi na maharage, na Josepha akala nao sinia moja, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mikono miwili.

Jacqueline akaolewa. Vidonge Josepha aliviacha kimyakimya, na baada ya wiki kadhaa tumbo likaanza kutulia. Lakini kukiri? Thubutu! Mkwewe alipopita dukani alimkuta amechutama nyuma ya makatoni ya soseji, na bakuli la maharage magotini.

"Shikamoo mama. Kumbe—"

"Marahaba. Punguza sauti, baba, tuna wateja."