Aliyeiweka Ndiye Anayeitoa

Bi Breki hakupendwa na mtu, na usimwonee huruma kwa hilo, maana na yeye hakupenda mtu. Jina hilo alipewa na madereva kwa sababu akisema simama, unasimama, hata kama mbele yako kuna biriani na nyuma yako kuna simba. Alikuwa gadi wa treni ya mizigo. Dereva kazi yake kuvuta, gadi kazi yake kuamua lini avute. Bila sauti ya gadi kwenye redio, hata behewa moja halitikisiki.

Njia yao ilikuwa fupi, kilomita arobaini za reli moja iliyochakaa, na wateja watatu tu: mwenye mbao, ghala la mbolea, na mwisho kabisa kiwanda cha unga. Kila Jumanne na Ijumaa treni iliwapelekea mabehewa matupu, ya mbolea na ya ngano, ikarudi na yaliyojaa mbao na unga. Mabehewa hupangwa tangu asubuhi kwa kufuata milango: ya mteja wa kwanza nyuma kabisa, ili yadondoshwe bila kusumbua mengine. Ukikosea moja, siku nzima utakuwa unapangua na kupanga, kama mtu aliyesahau funguo chini ya sanduku.

Na wateja wenyewe! Mwenye mbao alikuwa na tabia ya kuandika barua ya malalamiko kwa kila dakika kumi za kuchelewa, huku magogo yake yamelala juu ya reli.

"Mteja ni mfalme, mama," afisa wa wateja wa shirika la reli alimwambia siku moja. Huyu alikuwa kijana wa viatu vya kung'aa ambaye hajawahi kuunganisha behewa maishani mwake.

"Mfalme gani anamwaga magogo njiani kwake mwenyewe?" Bi Breki akamjibu. "Mwambie ayatoe, halafu ndiyo nimpigie magoti."

Lakini mbao na mbolea hazikuwa kitu. Aliyemkausha koo kila Jumanne na Ijumaa alikuwa nyapara wa upakiaji wa kiwanda cha unga, na nyapara huyo alikuwa mtalaka wake.

Hapo lazima turudi nyuma miaka kumi na tisa. Wakati huo gadi alikuwa yeye mume, na Bi Breki alikuwa hapo kiwandani akishona midomo ya magunia. Kaka yake mkubwa alikuwa mpakuaji. Ngano huja imemwagwa ndani ya behewa na hutolewa kwa mlango wa chini. Mlango ukikwama, mtu huingia chini ya behewa na nyundo. Kabla hajaingia, husimika bendera nyekundu katikati ya reli. Sheria yake hata mtoto anaielewa: aliyeiweka ndiye anayeitoa. Si gadi, si dereva, si mkurugenzi. Kaka mtu aliisimika, akaingia chini. Mume alikuwa na haraka zake. Treni ikavutwa, na mguu wa kulia wa kaka mtu ukaishia gotini.

Kwenye baraza la uchunguzi mume aliapa kuwa hakukuwa na bendera. Mke akasimama, bado ana uzi wa magunia begani, akasema: "Ilikuwepo. Aliing'oa yeye, kwa mkono wake wa kushoto. Nilimwona."

Mume alifukuzwa reli Jumatatu, akamwacha mke Jumatano. Kiwanda kikamwajiri mume kwa sababu mkurugenzi wa zamani alikuwa rafiki yake, na mke akaenda kuomba kazi ile ile ya ugadi. Watu walimsema weee, wakachoka. Walisema amemla mumewe akavaa koti lake. Yeye alivaa koti, akamhamishia kaka yake chumba cha mbele, akafunga mdomo. Nyapara naye hakukubali kosa hata siku moja. Kila aliyekaa naye chai alisikia wimbo ule ule: bendera haikuwepo, yule mwanamke ni mwongo.

Sasa Ijumaa yenyewe. Kiwanda kilikuwa na mkurugenzi mpya, mtu wa maneno machache, na watu wa malori walikuwa wanamtongoza kwa bei. Aliwaambia watu wa reli waziwazi: leo nitasimama hapa na saa yangu. Mabehewa kumi na mawili ya unga yakiwahi, natia saini miaka mitatu. Yakichelewa, nahamia malori. Na kiwanda kikihama, mbao na mbolea haziwezi kuibeba reli ile; itaota nyasi kabla mvua hazijaisha. Bi Breki alibakiza miaka miwili apate kiinua mgongo chake. Nyumbani kulikuwa na mtu wa mguu mmoja, na mlaji na mlishaji wa nyumba ile walikuwa wanategemea mshahara mmoja.

Hesabu ya muda ilikuwa hivi. Treni kubwa ya njia kuu hupita makutano saa tano kamili, haimsubiri mtu. Kutoka kiwandani hadi makutano ni dakika hamsini. Kwa hiyo ikifika saa nne na dakika kumi hujaondoka, umelala mpaka kesho.

Saa tatu na nusu waliingia. Matupu yakasukumwa ndani, ya unga yakaunganishwa, Bi Breki akatembea toka behewa la kwanza hadi la mwisho akikagua breki na milango. Saa nne kasoro dakika nane alirudi mbele, akaona bendera nyekundu imesimama katikati ya reli.

Aliyaita majina yote ya laana kimoyomoyo. Alipoingia haikuwepo.

"Nani kaiweka hii?" akauliza kwa sauti.

Wapakiaji wakatazamana. Nyapara akatoka kivulini, mikono nyuma, uso umelainika kama wa mtu aliyekwenda kupokea mgeni. "Ah, hiyo! Kuna kijana alikuwa anaangalia mlango. Kashamaliza, kaenda zake. Itoe tu, muondoke."

"Mwite aje aitoe."

"Nakwambia kaenda! Mimi ndiye mkubwa wa hapa, nakuruhusu. Itoe."

"Wewe ruhusa yako peleka kwako."

Mkurugenzi alitazama saa. Afisa wa wateja alikuja mbio, jasho limemlowesha kola. "Mama, tafadhali, bendera tu! Wote tunaona hakuna mtu."

"Siku ile pia walikuwa hawaoni mtu."

Akapiga magoti kwenye kokoto, akachungulia chini ya behewa moja baada ya jingine, yote kumi na mawili. Hakukuwa na mtu. Akasimama, magoti yanamuuma, na hapo nyapara akacheka mbele ya watu wote.

"Mnamwona? Hii siyo sheria, ni kinyongo! Anataka kiwanda kikose treni kwa sababu ya chuki zake na mimi. Mkurugenzi, nakwambia kila siku, huyu ndiye anayekuchelewesha."

"Gadi," mkurugenzi akasema, "saa nne kamili. Unaitoa au huitoi?"

Sikiliza hapa vizuri. Gadi anayeng'oa bendera ya mtu mwingine anafukuzwa siku hiyo hiyo, hakuna kujitetea, na kiinua mgongo kinakwenda na maji. Asiyeing'oa anakosa treni, mteja anahama, na kazi inakufa vilevile. Bi Breki alimtazama mtalaka wake, akaona jinsi mtu huyo alivyokuwa anautazama mkono wa Bi Breki, ule wa kushoto, kama paka anavyotazama tundu la panya. Mshenzi huyu! Miaka kumi na tisa, na bado anataka na mimi niing'oe.

Aligeuka akaanza kutembea kuelekea getini.

"Anakwenda wapi sasa?" afisa akalia.

"Mkurugenzi," Bi Breki akasema bila kugeuka, "njoo na saa yako."

Pale kiwandani bendera zilikaa kwenye kibanda cha mlinzi wa getini, mzee mmoja mkaidi ambaye hatoi bendera bure. Ukitaka moja, unamwachia kibati chako chenye namba, anakitundika kwenye kulabu mpaka uirudishe. Bi Breki aliijua desturi hiyo tangu enzi za magunia. Nyapara naye aliijua, ila aliona nani atahangaika kutazama ubao?

Nyapara akaanza kuwafuata, kwanza polepole, halafu haraka. "Mkurugenzi, muda unakwenda! Achana na michezo ya huyu mwanamke!"

Ubaoni kulikuwa na kulabu nane, na kibati kimoja tu kilikuwa kinaning'inia.

"Namba moja ni ya nani?" Bi Breki akauliza.

Mlinzi alitoa miwani, akaivaa, akatazama kibati, akamtazama nyapara mlangoni. "Ya bwana huyu hapa. Kaja asubuhi hii hii baada ya treni kuingia. Nikamwambia hata ukiwa mkubwa, acha kibati."

Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi, hatua mia mbili tu.

"Nilisahau," nyapara akasema. "Nilikuwa nakagua mlango, nikasahau. Mtu hasahau?"

Mkurugenzi hakumgombeza. Alisema tu, "Kaitoe," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

Walirudi wote, nyapara mbele. Wapakiaji walisimama wakitazama, hata wa juu ya magunia. Alipoinama kuishika bendera, Bi Breki alimzuia kwa neno.

"Taratibu. Unaitoa, halafu unanitamkia. Ndiyo sheria."

Kweli ndiyo ilikuwa sheria. Mwenye bendera humtamkia gadi, gadi ndiye humwambia dereva. Nyapara aliing'oa, akanong'ona kitu kwenye kola yake.

"Sijasikia."

"Bendera nimeitoa mimi."

"Dereva yuko juu, na injini inanguruma. Sema kiume."

Macho yake yalijaa damu. Kama angeweza kumpiga pale pale, angempiga. "Bendera nimeitoa mimi!" akapiga kelele, na kiwanda kizima kikasikia.

Bi Breki alipandisha redio mdomoni. "Dereva, vuta."

Ilikuwa saa nne na dakika tisa.

Waliwahi makutano. Mkurugenzi alitia saini mchana ule ule. Hakumshukuru gadi, wala gadi hakungoja shukrani. Nyapara alihamishiwa stoo ya magunia matupu, mbali na reli. Afisa wa wateja alimpigia Bi Breki simu kumpongeza, akakatiwa.

Jioni alimkuta kaka yake chumba cha mbele, gongo limeegemezwa ukutani, redio ndogo mapajani. Alivua koti akaketi kitandani kwake bila hata kufungua viatu.

"Kaka, leo amesema."

"Nani?"

"Shemeji yako wa zamani. Mbele ya watu wote, kwa sauti. 'Bendera nimeitoa mimi.'"

Kaka mtu alizima redio. Mkono ukashuka wenyewe mpaka pale mguu ulipoishia.

"Ya leo," akauliza, "au ya siku ile?"

Bi Breki alitazama sakafu. Kumdanganya asingeweza, yeye hakuwa mtu wa kudanganya, na kila mtu alijua hilo lilimgharimu nini.

"Ya leo."

"Basi bado," kaka mtu akasema, akawasha redio yake.