Manowari Isiyoandikwa Jina

Bado haijaniingia kichwani. Kila asubuhi nategea sikio fimbo ya rafiki yangu igonge geti, halafu nakumbuka, nakaa chini.

Sijui kusoma. Naongea tu, simu inaandika, na komenti zenu inanisomea. Ikikosea vumilieni, mimi nawavumilia na picha zenu za chakula.

Mnaniuliza kwenye komenti huyo rafiki yangu jina lake nani. Sisemi. Kwao Wamaasai, wale wanaoshika mila, aliyekufa hatajwi jina, na mwanawe amenisihi. Mimi nilimwita Koko, ndiyo bibi kwa Kimaasai. Yeye aliniita Ama, ndiyo bibi kwa Kiiraqw. Hilo linawatosha.

Alikuja Karatu kukaa kwa huyo mwanawe, dereva wa watalii. Kijana akiingia safari, nyumba kimya. Yangu nayo kimya tangu mzee wangu afariki. Ndivyo tulivyookotana.

Siku moja mvua ilitukuta sokoni, tukajibanza kwenye kibanda cha video. Mle ndani vita ilikuwa inapigwa angani, juu ya nyota. Manowari moja ikaanza kupita kwenye kioo. Ikapita, ikapita, haiishi. Koko akaniuliza kama mkia wake uko Arusha.

Mvua ilikata. Hatukutoka.

Toka hapo tukawa wateja. Vijana wanaangalia risasi, sisi tunaangalia jengo. Kwa Wamaasai mwanamke ndiye anayejenga nyumba, kwa mikono yake, fito na samadi. Koko alikuwa fundi, na kila manowari aliikagua kama mtu anayetaka kuhamia.

Moshi unatokea wapi? Wanawake wanalala upande gani? Korido ndefu hivi, nani anafagia?

Mlango ndio ulimkera kuliko vyote. Mlango wa nyumba yao unapinda, upepo usiingie moja kwa moja, adui naye asiingie. Hizi meli mdomo umenyooka, mpana kama lami ya kwenda geti la hifadhi. “Aliyejenga hii,” alisema, “hana watoto.”

Alichopenda ni vile vimeli vidogo vinavyotoka kupigana, halafu vinarudi tumboni mwa kubwa. Alisema hilo ni boma, ndama wamerudi. Kimoja kisiporudi, alivihesabu upya mpaka filamu inaisha.

Mimi nilimbishia dizaini nzima. Babu zetu Wairaqw walichimba nyumba ndani ya kilima, ukipita juu yake hujui kama chini kuna watu. Hiyo ndiyo akili ya vita. Hawa wanaunda meli kubwa kama mlima Oldeani, halafu wanawasha taa kila dirisha. Wanamwita nani?

“Ama, nyie mlijificha shimoni kama mnyama mhanga.”

“Tulijificha kwa sababu yenu, wezi wa ng'ombe.”

“Tulikuwa tunachukua wa kwetu tu. Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi.”

Kibanda kizima kilicheka. Yeye hakucheka. Alimaanisha.

Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakitafuna. Manowari kubwa namna ile haikuundwa ipigane. Imeundwa ionekane, ili mwenzako akate tamaa kabla. Ni kama morani na manyoya ya mbuni kichwani. Ndiyo maana ya zile taa.

Na msidhani tuliorogwa ni sisi vikongwe wawili tu. Kinyozi wa karibu na stendi kachora manowari ukutani. Fundi welding kamuundia mtu geti lenye mabawa ya manowari. Watoto wanazitengeneza kwa mabua ya mahindi, na lori kubwa la watalii likipita wanaliita manowari. Hata mimi na unene huu nimeitwa hivyo njiani, na kijana wa bodaboda. Nikamwambia basi apishe.

Nilimuuliza Koko kwa nini kitu ambacho hakipo kimetuingia hivi, kuliko ndege za kweli zinazopita juu yetu kila siku. Akasema kwa sababu mle ndani hakuna anayekula peke yake.

Baridi ya mwaka huu ilimshika kifua. Mwanawe alikuja mlangoni kwangu, hakukaa. “Ama, leo usiende sokoni.” Nikajua. Wakampandisha kwao, Ngorongoro, akazikwe kwenye ukungu. Magoti yangu hayakunifikisha.

Sasa jana vijana wa kibandani wamenijia na makopo ya rangi. Wamemchorea manowari ukuta mzima wa nje wa kibanda, na mlango wameupinda. Nikalia, sifichi.

Wanataka jina lake ubavuni, maana manowari zote za kwenye filamu zina majina. Wao walimjua kwa Koko tu. Mwanawe humwita yeyo, ndiyo mama kwao, na jina hawezi kulitamka. Jina lenyewe, hapa mtaani, ninalo mimi.

Nilitaka kulisema. Nikifa mimi nani atalijua? Mdomo ulishafunguka.

Lakini huyu mama jina lake limeitwa maisha yote. Alfajiri, lete maji. Lete kuni. Ng'ombe anazaa, njoo. Mtoto analia, njoo. Aliwahi kuniambia kwamba marehemu ukimtaja unamwita, na akiitwa itabidi aamke. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nikawaambia, “Wanangu, uacheni ubavu mtupu.” Mmoja akaguna kwamba watu hawatajua ni ya nani. Nikamwambia wasijue. Wakafunika makopo yao, wakaondoka.

Koko, nyumba imekuwa kimya mno. Nakula peke yangu, redio nimeiwasha tu iseme. Jina lako liko hapa mdomoni na silitoi, ingawa ndilo neno ninalolitaka kuliko yote.

Sikuiti. Hakuna atakayekuita. Lala salama, mwenzangu, ulale mpaka ushibe.