Bibi Masjala na Pini Zake

Bibi Masjala, kama wanavyomwita ofisini kwa kuwa ndiye mtunza majalada, amefuga ukucha mmoja wa kidole gumba kwa ajili ya kung'olea pini, maana pini hushika kutu na kutu hula karatasi. Hata risiti ya dukani huing'oa pini huku anaongea. Kila mwaka huitwa kwenye kikao cha wakurugenzi wakifika kwenye mengineyo, ajenda ya mwisho, chai imeshapoa na watu wanatazama saa. Huongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto wa mwenziwe: majalada yamerundikwa chini ya bomba linalovuja, mikataba haina pa kulala. Mumewe humwambia anampigia mbuzi gitaa. Yeye hujibu kwamba mbuzi naye ana masikio.

Safari hii mkurugenzi mkuu alimkatiza kwa upole. "Mama, siku hizi si kila kitu kiko kwenye kompyuta?"

"Kompyuta ya nani, bosi? Nani aliyeyaingiza?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka, wengine wakafuata, kikao kikafungwa. Nakala za ombi lake alizowagawia zilibaki mezani, moja ina duara la kikombe. Bibi Masjala akavuta kiti, akaanza kung'oa pini. Mwakani atazigawa hizo hizo, atasahihisha tarehe tu kwa peni; ile yenye duara ataisoma yeye.