Nilisema Nimeweka Mchanga Chini ya Maboga

Ndugu zangu, si mvua iliyoozesha maboga yetu. Ni mimi! Nimechoka kuibeba siri hii. Mume wangu amezikwa akiamini ilikuwa mvua, basi leo nawaambia ninyi.

Nilikuwa nimeolewa Mulongwe, karibu na mto na ziwa, miaka michache baada ya uhuru. Mama mkwe wangu alilima maboga makubwa ajabu, boga moja hubebwa na wanaume wawili kwa mti. Kwao, boga kama hilo haliachwi likae juu ya udongo mtupu. Likiwa bado dogo kama ngumi unaliinua taratibu, usisumbue kikonyo chake, unasawazisha chini, unamwaga mchanga wa mtoni, na juu ya mchanga nyasi kavu. Mvua ikizilowesha, unazibadilisha. Hapo boga hukaa miezi bila kuoza.

Mwaka ule magoti yalimkataa. Akaniita.

"Mukamwana, minye siwezi tena kupiga magoti. Weye utanifanyia ile kazi ya maboga."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo ya mdomoni tu! Nilipokuwa mtoto nilimwona mama yangu akichapwa na agronomi wa Kizungu, yule bwana shamba wa serikali, kwa sababu mistari yake ya pamba ilipinda. Uhuru ulipokuja nikaapa kwamba sitapiga tena magoti shambani kwa amri ya mtu. Ule mchanga na zile nyasi, mimi niliviona ni mambo ya agronomi. Ujinga gani huo! Mama mkwe alifundishwa na bibi yake, kabla Mzungu hajaliona ziwa letu. Sikuuliza.

Kila jioni alinihoji akiwa mlangoni: "Uliweka muchanga?"

"Nilishaweka, mama."

"Na majani, uliibadilisha?"

"Nilibadilisha yote."

Aliyaona maboga kwa mbali, yamenenepa, yanang'aa, akamshukuru Mungu kwa kumpa mkamwana mwenye bidii. Alinisifu hadi kanisani. Nami nikazipokea sifa hizo, jamani!

Kisha uasi wa kupinga serikali ukafika kwetu. Mbuzi wakachukuliwa, unga ukaisha, risasi zikaanza kusikika upande wa Songo. Mume wangu akasema twende Rurambo, juu milimani. Tulikuwa na watoto watatu, na mama yake, na njia ya siku mbili.

"Musihangaike na mihogo," mama mkwe akasema. "Maboga iko. Tutakula mpaka vita iishe."

Mume wangu na ndugu yake wakaliinua la kwanza. Ganda la juu likaja mikononi mwao, tumbo likabaki chini, maji yenye uvundo yakawamwagikia miguuni. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo! Watoto walicheka kwanza, kisha wakamwona baba yao.

"Sasa watoto watakula nini?" akauliza. "Iko nini iliharibu hii yote?"

Mama mkwe alijikokota hadi pale. Akainama kwa shida, akapapasa palipokuwa na boga. Udongo mtupu, hata chembe ya mchanga hakuna. Akaniangalia. Nilingoja aseme.

"Ni mvula," akamwambia mwanawe. "Mvula ya mwaka huu ilizidi. Twende."

Hakunitaja! Huko Rurambo wafugaji walitugawia maziwa walipokuwa nayo, lakini sisi tuliokimbia tulikuwa wengi. Kila kikombe alichopewa aliwamiminia wajukuu. "Minye nilishakula," alikuwa akisema. Nami nilijua vizuri uongo wa namna hiyo unavyosemwa. Tulimzika hukohuko, vita haijaisha.

Leo mzee ni mimi. Magoti yangu nayo yamekataa, na kila jioni mkamwana wangu ananiambia ameshaweka mchanga. Pengine ni kweli. Nashindwa kumuuliza mara ya pili, maana ningeanzia wapi mimi?

Ninyi wenye magoti mazima, msimdanganye mzee anayewategemea. Boga huanza kuoza kwa chini, juu bado linapendeza, na wewe unasifiwa.

Na kama mmeshadanganya, semeni leo, mzee angali anasikia. Mimi nilipewa siku mbili za kupanda mlima, nimemshika mama mkwe mkono njia nzima, na sikusema.