Rili ya Mkono wa Kulia

Nilimwambia yule Mzungu kwamba baba yangu anatumia mkono wa kulia. Uongo mtupu. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa umebaki na kidole gumba na kipande cha kidole cha mwisho. Vile vitatu vya katikati vilikwenda na mashine ya mkonge huko kwetu kusini, mie bado nanyonya. Mkono uliolima, ukatufunga vifungo vya shati, ukatuchapa tulipokosea, ulikuwa wa kushoto. Huo ndio nilioukana mchana kweupe, kwenye baraza ya mtu ambaye wala hakujali nitajibu nini.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa karani kwenye shirika moja la umma. Nilipanga vyumba viwili Temeke, na mke wangu na kalamu zangu mbili za mfukoni. Msicheke. Kalamu mbili zilikuwa jambo kubwa. Tulikuwa tunaitana ndugu asubuhi mpaka jioni, ndugu huyu, ndugu yule, lakini nikipita mtaani na shati langu lililonyooshwa nilitaka watu wajue kuwa mie si ndugu wa kila mtu.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake kijijini. Dada yangu alikuwa ameolewa mbali, na pale kwenye kijiji kipya walipohamishiwa hakuwa na hata wa kumchotea maji. Nikamwandikia aje. Akaja na mkeka, na chupa iliyozungushiwa mshipi wa kuvulia samaki. Siku ya pili tu akatuita, mimi na mke wangu, akasema, "Wanangu, mie sijazoea kula jasho la mtu. Nipeni miezi mitatu. Nikiweza kuleta kitoweo humu ndani, nitakaa nanyi mpaka Mungu anichukue. Nikishindwa, narudi zangu."

Mke wangu akacheka. "Jamani baba, nani kakudai kitoweo?"

"Hajanidai mtu. Najidai mwenyewe."

Hakuwa anatania. Baba hakuwaga mtu wa kutania kwenye mambo ya chakula. Nami nilitaka akae, wallahi nilitaka. Nilimpenda baba yangu, na hilo nalisema mapema kwa sababu huko mbele hamtaliona.

Kila asubuhi akawa anakwenda Mtoni, pale bahari inapoingia ndani kwenye mikoko, anatupa mshipi wake. Sasa mshipi wa mkono unavutwa kwa mikono miwili, huu unavuta, huu unapokea. Yeye alikuwa anavuta kwa kushoto halafu anauzungusha kwenye kiwiko cha kulia, samaki akiwa na nguvu unamkata ngozi. Akirudi na visamaki viwili vitatu visivyotosha kitoweo anavikabidhi jikoni, kisha anakaa uwani anapaka mafuta ya nazi kwenye kiwiko.

Mwezi wa kwanza haujaisha nikawaalika wageni, mkuu wangu wa kazi na balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu. Mke wangu alipika pilau la kufa mtu, sijui mchele aliupata wapi siku zile za foleni. Baba akakaa nasi mkekani, tukasalimiana kwa mdomo tu. Mkono wa kulia akauficha chini ya shuka kama kawaida yake, akaletewa sahani yake na kijiko, akaanza kula kwa kushoto. Nikamwona mkuu anamtazama. Anatazama kijiko, anatazama mdomo. Kisha akasema kwa kicheko, "Ndugu, huyu mzee hakufundishwa adabu ya chakula?"

Ilikuwa inatosha kusema maneno manne: vidole vilikatwa na mashine. Basi. Mkuu angeomba radhi, tungeendelea na pilau. Mimi nikacheka. Nilicheka pamoja naye! Baba akaendelea kula taratibu, akamaliza, akashukuru, akatoka.

Jioni nikamfuata uwani. "Baba, wageni wakija siku nyingine, wewe utakulia huku. Kuna upepo mzuri."

Kuna upepo mzuri. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nataka kujificha.

"Sawa, baba," akanijibu. Aliniita baba, kama wazee wanavyowaita watoto wao. Tangu siku hiyo akawa anakula uwani, wageni wawepo wasiwepo.

Nilijua nimekosa. Nikawa natafuta namna ya kumfurahisha bila kulazimika kuomba msamaha. Ndipo tukasikia kazini kwamba mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa na shirika letu anarudi kwao, anauza vyombo vyake. Nikaenda na karani mwenzangu, kijana wa bara, mpenda mambo yote ya Wazungu. Kwenye baraza, kati ya masufuria na viti, palikuwa na rili mbili. Rili ni lile gurudumu dogo la chuma linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Lina kishikio chake, unakizungusha, nalo linakunja mshipi wenyewe. Moyo wangu uliruka. Hakuna tena kuvuta mshipi kwa kiwiko! Baba angebana fimbo kwapani upande wa kulia, akazungusha kwa kushoto, kwisha maneno.

Yule Mzungu akazishika zote mbili. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akatueleza kwamba moja kishikio kiko kushoto, nyingine kiko kulia, na hazibadiliki, zimetengenezwa hivyo. Akaniuliza, "Mzee wako anazungusha kwa mkono gani?"

Mwenzangu alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Nikamwona mkuu wa kazi machoni pangu, na kijiko. Nikaona wavuvi wa Mtoni wanamwona baba anazungusha kushoto, wanauliza baba wa nani huyu. Nikajipa na hoja kabisa, tena hoja ya dini na adabu: rili inaleta chakula, na chakula huletwa kwa mkono wa kulia. Nusu dakika nzima nilijihubiria hivyo.

"Kulia," nikasema. "Baba yangu ni mtu wa kulia."

Mwenzangu akachukua ile ya kushoto kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Njiani akalalamika kwamba yeye kushoto hawezi kukoroga hata chai. "Nikishindwa nakuja kwako tubadilishane," akasema. Nikamwambia aache utoto.

Baba aliipokea rili kwa mikono yote miwili. Akaipangusa kwa shuka, akaigeuza, akakitazama kile kishikio. Akakijaribu kwa kidole gumba, kikateleza. Akakijaribu tena. Halafu akauliza taratibu, "Ya upande wa pili haikuwepo, mwanangu?"

"Haikuwepo, baba. Ilikuwa hiyo hiyo moja."

"Basi alhamdulillahi. Umehangaika sana."

Nawaambia ukweli, uongo wa kwanza niliusema kwa haraka. Huu wa pili niliusema nikimtazama usoni.

Kesho yake alitembea kwa miguu mpaka Keko kwa mafundi seremala. Fundi mmoja akamchongea fimbo, akamchongea na kijiti cha mninga chenye shimo, cha kuvisha kwenye kishikio. Kijiti hicho baba alikuwa anakifunga kwenye kile kiganja chake kilichobaki kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, anakaza kwa meno. Aliporudi alinionyesha kwa furaha. "Ona akili ya fundi!" Nami nikasema naam, akili kweli.

Wiki mbili baadaye mke wangu akaniuliza, "Umeuona mkono wa baba?"

"Una nini?"

"Nenda kautazame, wewe si mwanawe?"

Sikwenda kuutazama. Nilijua mpira unafanya nini kwenye ngozi yenye kovu. Nikasema moyoni atazoea. Mke wangu akawa anachemsha maji ya chumvi kila jioni, anamkanda mwenyewe, na mimi nikawa nasoma gazeti, ukurasa ule ule.

Jumapili moja aliniomba nimsindikize. Tulikaa Mtoni tangu asubuhi, na jua limeanza kuchoma, fimbo ikapinda. Lo! Samaki huyo hakuwa wa mchezo. Baba akasimama, akazungusha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpira ukateleza kwa jasho na damu. Kishikio kikaachia na kuzunguka kinyume kwa nguvu, kikampiga kwenye kidole gumba, kile kimoja alichokuwa nacho mkono ule. Mshipi ukaenda wote mpaka ukakatika.

Mvuvi aliyekuwa karibu alishindwa kuvumilia. "Mzee wangu, shikamoo. Samahani. Kwa mkono huo si ungetafuta ya kushoto?"

"Marahaba. Hii kaninunulia mwanangu," baba akasema, akanionyesha kwa kidevu. Alisema kwa kujivuna kabisa. Yule mvuvi akanitazama, akautazama mkono wa baba, akarudi kwenye shughuli zake. Mimi nikainama kukusanya chambo kilichomwagika.

Hapo bado ningeweza kusema. Njia nzima kutoka Mtoni mpaka Temeke tulitembea wawili tu, na mdomo nilikuwa nao. Nilizungumzia bei ya unga.

Miezi mitatu ilibakiza siku kumi hivi, karani mwenzangu akabisha hodi. Alikuwa ameshika rili yake kwenye mfuko wa karatasi. Baba alikuwa pale mlangoni, anafunga ndoano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimemfuata huyu," akasema, akinionyesha. "Ndugu yangu, nimeshindwa. Nilikwambia siku ile ile nitakuja nikishindwa. Rili zilikuwa mbili, ukang'ang'ania ya kulia ukaniachia hii ya kushoto. Naomba tubadilishane, bwana, mie kushoto siwezi."

Akautoa mkono wake kwa baba amsalimie vizuri, na baba akampa kifundo cha mkono wa kulia, kama alivyokuwa akimpa kila mtu. Mwenzangu akakiona kiganja kile chenye vidonda. Akanitazama, na mimi nikatazama chini.

Nilingoja baba aseme kitu. Anifokee, anitukane, aniulize. Alichukua ile rili ya kushoto, akaizungusha mara moja kwa mkono wake mzima, ikaenda bila kelele. "Asante sana, mwanangu," akamwambia mwenzangu. Akafungua ile yangu kwenye fimbo, akampa pamoja na kile kijiti cha fundi, kisha akarudi kwenye ndoano zake.

Siku ya nne akaja na chewa mkubwa, kichwa kinaning'inia nje ya kikapu. Majirani walitoka kumtazama. Mke wangu alipiga vigelegele mpaka balozi akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Tulikula sote sebuleni usiku ule. Nilimwita mwenyewe, nikamwambia baba, njoo ukae hapa, akakaa, akala. Nikajiambia yamekwisha. Kitoweo kimeletwa, sharti limetimia, baba yangu anakaa.

Asubuhi nikamkuta amekunja mkeka.

"Baba, vipi? Si umeshinda? Si ulisema ukileta kitoweo unakaa?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Akakaa juu ya furushi lake. "Samaki naweza kuvua, umeona. Kwa samaki ningekaa. Lakini wewe unanionea haya, mwanangu. Ulipocheka na mkubwa wako nikasema ni ujana. Uliponipeleka uwani nikasema ni sababu ya wageni. Ile rili ulikwenda kuinunua na mwenzio, mie sipo, hakuna aliyekuwa ananitazama nikila, na bado ulinionea haya. Nyumba ninayoonewa haya siwezi kuikaa."

Hapo nikalia. Nilimwomba msamaha, nilimshika miguu, mke wangu naye akamshika. Alitusamehe palepale, na hakuchelewesha. Akatuombea dua. Lakini mkeka hakuukunjua.

Nilimpeleka kwenye basi la kusini. Kituo kilikuwa kimejaa, wengine watu wa mtaani kwetu, mmoja wa ofisini. Baba alikuwa amekumbatia furushi na fimbo kwa mkono wa kulia, kondakta anapiga kelele watu wapande. Akageuka, akanipa mkono wa kuagana, ule mzima, wa kushoto.

Nami kabla ya kuupokea nikageuza kichwa, nikatazama kama yule wa ofisini anatuona. Ni kitambo kidogo tu. Niliporudisha uso baba alikuwa ameshaushusha mkono, ameshika chuma cha mlango wa basi, anapanda.